Kinyago: Uso wa Mbao Japani, Uso wa Tope Bungoma

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kupita Bungoma au Kitale mwezi wa Agosti katika mwaka shufwa, kama vile 2022 au 2024, bila shaka uliwasikia kabla hujawaona. Ni vijana wanaotembea boma kwa boma wakigongesha kengele za chuma kwenye bangili za chuma walizovaa mikononi, huku ndugu na marafiki wakiwafuata kwa nyimbo. Kengele hizo ndizo Wabukusu huziita chinyimba. Kijana anazipiga ili kuwaalika jamaa zake kwenye tohara yake.

Mtoto wa mjini anayeyaona haya kwa mara ya kwanza huuliza maswali mengi, na mojawapo ni hili: “Mbona hawavai vinyago?” Ni swali zuri. Vitabu vyake vya shule vina picha za vinyago vya Kongo, vya Afrika Magharibi na vya Wamakonde. Anadhani kila sherehe ya Kiafrika lazima iwe na uso wa mbao. Je, watu wa magharibi mwa Kenya walikosa wachongaji?

La, hawakukosa. Lakini ili tumjibu mtoto huyu vizuri, yafaa kwanza tujue kinyago ni kitu gani na kazi yake ni ipi. Na hakuna mahali ambapo kazi hiyo imefikiriwa kwa makini na kwa muda mrefu kama nchini Japani. Basi tusafiri pamoja hadi huko, kisha turudi nyumbani kupitia kwa majirani zetu.

MIAKA MIA SITA JUKWAANI

Vinyago vilifika Japani zamani sana. Mwaka wa 612 msanii mmoja kutoka ufalme wa Baekje, katika nchi ya Korea, aliwafundisha vijana wa Kijapani mchezo wa ngoma uliotumia vinyago vikubwa vya kufunika kichwa kizima. Mwaka wa 752, wakati sanamu kubwa ya Buddha ilipozinduliwa katika mji wa Nara, ngoma hizo zilichezwa mbele ya umati. Baadhi ya vinyago vya siku zile vimehifadhiwa hadi leo.

Mchezo uliokipa kinyago heshima yake kuu, hata hivyo, ulikuja baadaye. Unaitwa noh. Ni tamthilia inayochezwa kwa kuimba, kucheza ngoma na kwenda taratibu sana, ikisindikizwa na filimbi, ngoma ndogo na kikundi cha waimbaji. Mwaka wa 1374 mcheza ngoma aitwaye Kan'ami alicheza mbele ya mtawala wa kijeshi Ashikaga Yoshimitsu mjini Kyoto, akiwa na mwanawe mdogo, Zeami. Mtawala alipendezwa mno, akawachukua chini ya ulinzi wake. Zeami alipokua aliandika michezo mingi pamoja na vitabu vya kuwafundisha waigizaji, na mafunzo yake yanafuatwa hata sasa.

Maisha ya noh hayakuwa ya raha siku zote. Utawala wa kijeshi ulipoanguka mwaka wa 1868, wakubwa waliokuwa wakiwalisha waigizaji walipoteza mali na vyeo. Familia nyingi za waigizaji ziliingia katika umaskini. Wengine waliacha kazi, na vinyago vya mababu vikauzwa. Ni wachache tu waliokataa kuacha, wakaendelea kucheza na kufundisha hata bila malipo ya maana. Kwa sababu ya hao wachache, shirika la UNESCO liliweza kuitangaza sanaa hiyo mwaka wa 2001 kuwa urithi wa wanadamu wote, na mwaka wa 2008 ikaingizwa rasmi katika orodha yake.

KINAVYOCHONGWA

Mchongaji wa kinyago cha noh huanza na gogo la mti uitwao hinoki, ambao ni jamii ya msaiprasi. Mti huu ni mwepesi, una nyuzi zilizonyooka, na hunukia vizuri. Haanzi kwa kubuni sura mpya ya kichwani mwake. Huchukua kinyago cha zamani kilichosifika na kukiiga kwa vipimo vya karatasi: kipimo cha paji la uso, cha pua, cha kidevu. Wengine huiga hata mikwaruzo na rangi iliyopauka kwa uzee.

Akishamaliza kuchonga mbele kwa patasi, hugeuza na kuchimba nyuma mpaka mbao ziwe nyembamba. Kisha huja kazi ya kupaka. Maganda ya chaza husagwa yakawa unga mweupe, unga huo huchanganywa na gundi ya ngozi za wanyama, halafu hupakwa tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa hadi uso uwe laini kama ngozi ya mtu. Mwishoni hutiwa rangi za nywele, midomo na nyusi.

Kila kinyago kina jina na sheria zake. Cha msichana huitwa ko-omote. Nyusi zake huchorwa juu kabisa kwenye paji la uso na meno yake hutiwa rangi nyeusi, kwa kuwa ndivyo wanawake wa ukoo bora walivyojipamba zamani. Cha hannya ni cha mwanamke ambaye wivu umemgeuza kuwa jini: ana pembe mbili, mdomo uliopasuka, na macho yenye rangi ya dhahabu. Na kinyago kilicho kitakatifu kuliko vyote ni cha mzee aitwaye okina, ambaye taya lake la chini limetenganishwa na kufungwa kwa kamba. Huyu hachezi hadithi yoyote. Kazi yake ni kuombea nchi amani na mavuno mema, kama mzee wetu anavyobariki boma kabla ya sherehe.

KINAVYOVALIWA

Sasa, msomaji, hapa ndipo penye siri yenyewe. Ukikitazama kinyago cha ko-omote kikiwa kimetundikwa ukutani, utasema uso huo hauna lolote. Haucheki, haulii. Mchongaji ameuacha hivyo makusudi. Mwigizaji akiinua kichwa kidogo, mwanga hujaa usoni na msichana huonekana anatabasamu. Akiinamisha kidogo, kivuli huangukia macho na mdomo, na yule yule msichana huonekana amejaa huzuni. Hata jini hannya, akiinama, hasira yake humtoka na akabaki mwanamke aliyeumizwa.

Kabla ya kuingia jukwaani, mwigizaji hukaa katika chumba chenye kioo kikubwa. Hukishika kinyago kwa mikono miwili pembeni, bila kugusa uso wake, hukiinamia kwa heshima, ndipo akakivaa. Kisha hujitazama kiooni mpaka asimwone tena yule mtu aliyetoka nyumbani asubuhi. Kinyago chenyewe ni kidogo kuliko uso, hivi kwamba kidevu cha mwigizaji huonekana chini yake, na matundu ya macho ni finyu sana. Mwigizaji karibu haoni. Hujua mahali alipo kwa kuzitazama nguzo zilizosimama kwenye pembe za jukwaa.

Wajapani hawavai kinyago katika kila mchezo, lakini. Uko mchezo mwingine unaoitwa kabuki, ulioanzishwa mjini Kyoto mwaka wa 1603 na mcheza ngoma mwanamke aliyeitwa Okuni. Huko waigizaji hupaka uso rangi nyeupe, kisha huchora mistari minene: nyekundu kwa shujaa, buluu kwa mtu mwovu. Watazamaji wakiuona uso huo hujua mara moja ni nani aliyeingia. Kwa hiyo hata Japani, nchi ya vinyago, rangi iliyopakwa usoni hufanya kazi ile ile ya mbao. Tulikumbuke jambo hili tunaporudi nyumbani.

KWA MAJIRANI ZETU

Katika Afrika Mashariki, wachongaji wa vinyago vya ngoma wanaojulikana zaidi ni Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kinyago chao huitwa lipiko, na vikiwa vingi mapiko. Huchongwa kwa mti mwepesi, wala si kwa mpingo, kwa sababu lazima mtu aweze kucheza nacho. Kwa upande wa Msumbiji hufunika kichwa kizima, na mara nyingi hubandikwa nywele halisi za binadamu na kutiwa chale kama zile ambazo Wamakonde walichanjwa usoni. Mchezaji hufunikwa nguo hadi vidole. Zamani vilichongwa mafichoni porini, na wanawake na watoto hawakupaswa kujua ni nani aliye ndani. Ngoma hiyo huchezwa hasa vijana wanapotoka jandoni.

Wamakonde wapo Kenya pia. Mababu wao walikuja pwani kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, na kwa miaka mingi wazao wao waliishi Kwale bila vitambulisho. Mwezi wa Oktoba 2016 walitembea kuelekea Nairobi kudai uraia, na serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya.

Karibu zaidi na Bungoma, katika kaunti ya Vihiga, wako Watiriki. Vijana wao wanapokuwa jandoni huvaa kofia-vinyago zinazofunika kichwa na uso, zilizosukwa kwa nyuzi za mimea na kupambwa kwa rangi. Kinyago hicho hujulikana kama ingolole. Wakitokea mbele ya watu wakiwa wamekivaa, mama hawezi kumtambua mwanawe. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa: yule mtoto aliyemjua hayupo tena, na mwanamume atakayerudi bado hajafika.

Unaona sasa, msomaji, kwamba Mjapani, Mmakonde na Mtiriki wanakubaliana. Watu wengi hudhani kinyago ni cha kumficha mtu. Lakini kinamtoa mtu mmoja na kumleta mwingine.

TOPE LA ALFAJIRI

Sasa turudi Bungoma. Masimulizi ya Wabukusu husema kwamba zamani joka kubwa liliwasumbua watu kwa kula watoto na mifugo. Shujaa aitwaye Mango alilivizia pangoni mwake, akalikata kichwa. Majirani wao wa jamii ya Wasabaoti walishangazwa na ushujaa huo, wakakubali kumpasha tohara, naye akawa kielelezo kwa waliomfuata. Mahali panapotajwa katika masimulizi hayo, Mwiala wa Mango, pangali pakitembelewa hadi leo. Tangu hapo vijana hupashwa tohara kila baada ya miaka miwili na kuingizwa katika rika moja kati ya manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Rika likishapita huchukua takriban miaka mia moja kurudi tena, kwa hiyo kijana aweza kulibeba jina la rika la babu wa babu yake.

Kijana anayejiandaa, omusinde, akishawaalika jamaa kwa chinyimba, huenda pia kwa mjomba wake, ndugu ya mama. Mjomba humchinjia fahali na kumvika shingoni kipande cha nyama ya kidari. Usiku wa kuamkia siku yenyewe watu hukesha wakicheza ngoma. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, kijana hupelekwa mtoni mahali paitwapo sitosi. Huko huoga, kisha mtu aliyechaguliwa humpaka tope tangu utosini hadi nyayoni. Uso wote hufunikwa. Juu ya kichwa huwekwa bonge la tope, na katikati yake huchomekwa unyasi mmoja uliosimama wima, lusinyande.

Hebu mtazame sasa. Nyusi hazionekani, nywele hazionekani, na umbo la uso limepotea chini ya udongo wa kijivu. Amebaki macho tu. Anarudi nyumbani kwa njia nyingine, si ile aliyoendea, huku wanaume wakiimba wimbo wa sioyaye unaowajulisha wote waliobaki nyumbani kwamba sasa hakuna kurudi nyuma. Akifika uani husimama wima mbele ya ngariba, omukhebi, bila kutikisika wala kupepesa macho. Jamaa wote wanautazama uso huo wa tope wakitafuta dalili yoyote ya hofu.

Wazee hueleza kwamba tope hutuliza mwili kwa baridi yake. Ni kweli, maji ya mto alfajiri chini ya Mlima Elgon yana baridi kali. Lakini tope linafanya jambo jingine pia, nawe umeshalijua. Kama vile mwigizaji wa noh anavyokaa mbele ya kioo mpaka uso wake upotee, ndivyo kijana wa Kibukusu anavyoachwa bila uso mtoni. Aliyetoka nyumbani ni mtoto, na anayerudi kwa njia nyingine bado hana jina jipya. Tope likishaoshwa, haliwezi kumrudisha yule wa jana.

Basi jibu la swali la mtoto wetu ndilo hili: kinyago kipo. Hakikuchongwa, kilipakwa. Na ndiyo sababu hukukiona katika kitabu cha picha wala dukani. Kinatengenezwa kwa dakika chache, kinavaliwa asubuhi moja, na kinarudi ardhini siku hiyo hiyo.

KINACHOWEZA KUHIFADHIWA

Kitale pana jumba la makumbusho lililoanzishwa mwaka wa 1926 na mlowezi mmoja, Kanali Stoneham, aliyekuwa mkusanyaji wa wadudu, wanyama na vitabu. Alipofariki mwaka wa 1966 aliacha mkusanyiko wake pamoja na fedha za kujenga jumba jipya, na mwaka wa 1974 likafunguliwa kuwa makumbusho ya kwanza ya taifa yaliyo mbali na pwani na Nairobi. Ndani yake mna vyombo vya jamii za eneo hilo na za kaskazini, na uani zimejengwa nyumba za kienyeji. Ni mahali pazuri pa kuwapeleka watoto Jumamosi.

Lakini hata makumbusho bora kabisa hayawezi kutundika tope la alfajiri ukutani. Yanaweza kuhifadhi chinyimba, si mlio wake kijana anapoingia bomani kwa mjomba. Hata kinyago cha mbao kina shida hiyo hiyo. Vinyago vingi unavyoviona katika maduka ya watalii Nairobi na Mombasa vilichongwa viuzwe, na havijawahi kucheza ngoma hata siku moja. Ni kazi halali inayolisha familia nyingi. Tangu Mutisya Munge wa Ukambani alipojifunza uchongaji nchini Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ufundi huo umesomesha watoto wengi. Ila tusiwaambie watoto kwamba kile cha dukani na kile cha ngoma ni kitu kimoja.

Na hapa ndipo wazazi wa mjini tunapohusika. Siku hizi vijana wengi wa Kibukusu waishio Nairobi, Nakuru, Eldoret, na hata Bungoma kwenyewe, hupashwa tohara hospitalini. Hakuna ubaya. Hospitali ina dawa ya ganzi na vifaa safi, na tope likiingia kwenye kidonda laweza kuleta pepopunda au maradhi mengine. Mzazi anayemlinda mwanawe hana la kulaumiwa. Lakini daktari hafanyi zaidi ya kazi ya kisu. Hamwambii kijana jina la rika lake, wala hampeleki kwa mjomba. Hamkalishi chini na wazee kumwonya kuhusu kusema ukweli, kuheshimu wakwe na kulinda watu wake. Kijana huingia Ijumaa, hutoka Ijumaa, na Jumatatu uso ni ule ule.

Waigizaji wa noh walipopoteza walezi wao mwaka wa 1868, kilichowaokoa hakikuwa makabati ya kuwekea vinyago, bali waliokubali kufundisha. Jirani zetu Waisukha na Waidakho wanalijua hili: mwaka wa 2014 ngoma yao ya isukuti iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Orodha hiyo husaidia, lakini haiwezi kupiga ngoma.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kumpeleka mwanao hospitalini, mpigie simu mjomba wake. Mtafute mzee mmoja anayelijua rika, akae na kijana kwa siku mbili tatu wakati kidonda kinapona. Na wewe mwanafunzi, ukienda mashambani likizoni, muulize babu mambo matatu: rika lake ni lipi, alipakwa tope na nani, na aliambiwa nini alipokuwa anapona. Andika majibu daftarini.

KAZI YA MIKONO: TENGENEZA KINYAGO CHAKO

Pulizia puto mpaka litoshane na kichwa chako. Pika uji mzito wa unga wa ngano, uache upoe. Chana magazeti ya zamani vipande vidogo, vichovye katika uji na ubandike upande mmoja wa puto, tabaka sita au saba, ukiacha kila tabaka likauke kidogo. Tumia karatasi iliyopondwa kuinua pua, paji la uso na midomo. Usichonge tabasamu wala huzuni. Kikikauka kabisa, baada ya siku mbili au tatu, toboa puto, kata kingo, toboa macho, kisha upake rangi nyeupe.

Jioni washa taa moja tu. Mwenzako akivae kinyago, akae akikutazama, ainue kichwa polepole, kisha ainamishe. Mwambie ni wakati gani alicheka na ni wakati gani alilia. Halafu mbadilishane.